Waislamu wa Lithuania na Khati ya Kiarabu

Mwislamu wa pwani hana haja ya kuuliza saa ya sala. Adhana humfuata hadi nyumbani. Lakini akipanda bara, akafika mahali kama Kalimoni, baina ya Ruiru na Thika, ambapo misheni ya Kikatoliki imeota mizizi, ndipo hutambua kuwa kuishi mkiwa wachache ni kazi. Wako Waislamu walioifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 600, tena katika nchi ya theluji: Lithuania, kando ya Bahari ya Baltiki.

Hao ni Watatari. Mwaka 1397, mtawala Vytautas aliwaleta kutoka nyika za kusini, akawapa ardhi karibu na Vilnius na Trakai ili wawe askari wake. Mwaka 1410 wapanda farasi wao walikuwamo katika jeshi lililowashinda mashujaa wa Kijerumani huko Žalgiris. Waliachiwa dini yao, wakaruhusiwa kujenga misikiti na kuoa wenyeji.

Misikiti hiyo ni ya mbao, haina minara mirefu, na kwa mbali mgeni huweza kuidhania nyumba ya kijijini. Mmoja uko katika kijiji kiitwacho Keturiasdešimt Totorių, yaani Watatari Arubaini. Mwingine uko Raižiai, na mimbari yake ni ya karne ya 17.

Lugha, hata hivyo, iliwatoka. Mama alikuwa mwenyeji, na majirani nao ni wenyeji. Baada ya vizazi kadhaa watoto wakawa wanasema Kibelarusi na Kipolandi. Wakafanya nini? Waliandika lugha hizo kwa herufi za Kiarabu. Vitabu vyao, ambavyo wenyewe huviita kitab, vimejaa visa vya Mitume, dua na mafunzo ya sala. Kwa sauti zisizokuwamo katika Kiarabu, kama p na ch, walitumia herufi zilizoongezwa nukta.

Msomaji wa Lamu au Mombasa atatabasamu, kwani hayo ni yetu pia. Utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728, na wasia wa Mwana Kupona kwa bintiye wa mwaka 1858, uliandikwa kwa Kiswahili katika khati hiyo hiyo.

Karne ya 20 haikuwahurumia Watatari. Chini ya utawala wa Kisovieti misikiti ilifungwa. Mwaka 1968 msikiti wa Lukiškės mjini Vilnius ulibomolewa, na mwaka huo huo, katika mji huo huo, mwanachuoni Antonovič alichapisha utafiti wake juu ya maandishi ya kitab. Lithuania ilipotangaza uhuru mwaka 1990, ibada zilirudi. Msikiti wa matofali wa Kaunas, uliojengwa miaka ya 1930, ukafunguliwa tena. Sensa ya mwaka 2011 haikupata Watatari 3,000.

Dini wamebaki nayo, lakini kusoma kitab za babu zao sasa ni kazi ya wataalamu. Hapo ndipo penye funzo kwetu. Katika masanduku ya nyumba za pwani zimo barua, hati na tenzi za wazee, na vijana wanaojua kuzisoma wanapungua. Mchwa hangoji mtaalamu. Aliye na babu au nyanya anayeijua khati hiyo, na aketi naye leo, asome pamoja naye.