Laktati Isiyoshuka kwa Mgonjwa wa Ini

Mgonjwa wa sepsisi akifikishwa chumba cha mahututi, laktati huwa miongoni mwa vipimo vya mwanzo kuagizwa. Mtu mzima mwenye afya huwa na chini ya milimoli 2 kwa lita ya damu. Tangu mwaka 2016 namba hiyo imeingia katika maana rasmi ya mshtuko wa sepsisi: mgonjwa amepewa maji ya kutosha, lakini bado presha yake inahitaji dawa ya kuipandisha, na laktati imezidi 2. Baada ya saa chache kipimo hurudiwa. Ikishuka, wadi nzima hupumua. Isiposhuka, mara nyingi hutundikwa dripu nyingine.

Ninaandika juu ya huyo ambaye laktati yake haishuki, na ambaye faili lake linasema ana ugonjwa wa ini.

Mwili hausubiri dhiki ndipo utengeneze laktati. Mtu mzima aliyepumzika hutengeneza takriban milimoli 1,500 kwa siku. Chembe nyekundu za damu hazina mitokondria, kwa hiyo hupata nguvu kwa kuivunja glukosi mpaka laktati, usiku na mchana. Misuli, ubongo, ngozi na utumbo navyo huchangia. Hairundikani kwa sababu ini huchukua zaidi ya nusu, na figo sehemu kubwa ya inayobaki. Ndani ya ini laktati hugeuzwa tena kuwa glukosi na kurudishwa kwenye damu, mzunguko unaobeba jina la Carl na Gerty Cori, mke na mume waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Kuiita laktati taka, kama wengi wetu tulivyofundishwa, ni kuionea.

Namba anayoisoma daktari ni matokeo ya mambo mawili: kinachotengenezwa na kinachoondolewa. Soko likijaa nyanya, huenda mavuno yamekuwa makubwa, huenda malori hayakuja kuzichukua. Kwa kulitazama rundo peke yake hujui.

Mwaka 1843, mjini Würzburg, Ujerumani, Johann Joseph Scherer aliikuta asidi ya laktiki, yaani laktati katika umbo la asidi, katika damu ya wanawake waliofariki kwa homa ya uzazi. Kwa miaka mingi baadaye tafsiri ilikuwa moja: tishu zimekosa oksijeni. Katika mshtuko mkali ni kweli. Lakini adrenalini, iwe ya mwili wenyewe au ya kwenye dripu, huisukuma misuli ivunje glukosi kwa kasi hata oksijeni ikiwepo. Halafu kuna upande wa uondoaji. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998, madaktari wa Ufaransa waliwachoma wagonjwa 34 wa sepsisi waliokwisha kutulia dozi ya sodiamu laktati, wakapima inavyotoweka. Wale ambao laktati yao ilikuwa juu kidogo hawakuwa wakitengeneza nyingi kupita wenzao. Walikuwa wakiiondoa polepole.

Ini huzidiwaje? Mshtuko hupunguza damu inayolifikia, na asidi ikizidi mwilini seli zake hushindwa kuipokea laktati vizuri. Hali ikiwa mbaya sana, ini lenyewe huanza kuitoa badala ya kuichukua. Kwa mwenye makovu ya muda mrefu, yawe ya homa ya ini B au ya pombe, seli zilizo hai ni chache, na sehemu ya damu itokayo utumboni hupita njia za pembeni bila kuligusa ini.

Hapa ndipo kosa linapoingia. Utasikia kwenye mzunguko wa asubuhi: "Laktati ni 5, lakini huyu ana ini bovu," kisha wote wanasogea kitanda kinachofuata. Sikubaliani na maneno hayo. Ini lina akiba kubwa. Mgonjwa mwenye makovu ambaye ametulia huwa na laktati ya kawaida au iliyopanda kidogo tu. Ikifika 5, kuna jambo jipya. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba hata kwa mahututi wenye makovu ya ini, laktati ya mwanzo na kasi yake ya kushuka vilisaidia kutabiri nani yuko hatarini kufa. Ini bovu huichelewesha namba kushuka, lakini haliifanyi iwe ya uongo.

Wala si kila tumbo lililojaa maji lina ini lililoshindwa. Kando ya Ziwa Victoria, kichocho cha tumbo huacha makovu kuzunguka mishipa ya ini, bandama ikavimba na mgonjwa akatapika damu, huku seli za ini zikifanya kazi vizuri kwa miaka. Kumsingizia huyo kwamba "ini haliondoi laktati" ni kubahatisha.

Kosa la upande wa pili ni kuikimbiza namba kwa maji. Afrika inajua bei yake. Utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, ulihusisha watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za mshtuko. Waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa zaidi ya wasiomiminiwa. Utafiti wa Lusaka uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha hivyo hivyo kwa watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini: vifo asilimia 48 kwa waliopewa maji mengi mapema, 33 kwa waliopata huduma ya kawaida. Kama kinachochelewesha ni ini, lita nyingine haitaliharakisha. Itaishia kwenye mapafu na tumboni.

Bora kutazama pia kidole. Kibonyeze kwa sekunde 10, uachie, uhesabu. Rangi ikirudi ndani ya sekunde 3, damu inafika. Mwaka 2019 watafiti wa Amerika Kusini waliowaongoza wagonjwa 424 wa mshtuko wa sepsisi, nusu kwa kidole na nusu kwa laktati, hawakuona kidole kikishindwa. Hakihitaji maabara, na hakilingoji ini.

Kidole kikiwa kizuri, presha imekaa, mkojo unatoka, lakini laktati inashuka kwa kusuasua kwa mwenye makovu ya ini, mimi huacha kuongeza maji na kuuliza maambukizi yako wapi. Kama tumbo lina maji, sindano iingie leo: chembe nyeupe aina ya nyutrofili zikifika 250 katika milimita moja ya ujazo, maji hayo yenyewe yameambukizwa, na antibayotiki haisubiri majibu ya kuotesha vijidudu.