Kipimo si hukumu: stara, ndoa na saratani ya mlango wa kizazi

Katika vijiji vya Umatengo, kutoka Ukata hadi kuteremkia mwambao wa Ziwa Nyasa, mwanamke hujihesabu mzima maadamu anachuma kahawa, anabeba kuni na kulea wanawe. Hospitali huendewa na aliyeshikwa na maumivu au uchungu wa uzazi. Saratani ya mlango wa kizazi haisubiri desturi hiyo. Kwa kawaida hujijenga kimya kwa miaka 10 hadi 20, na damu inapotoka baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma, huenda ugonjwa umekwisha kusambaa. Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 10,000 nchini Tanzania waliupata, na zaidi ya 6,500 walifariki dunia.

Lakini kuugundua mapema si kazi kubwa. Muuguzi hupaka siki maalumu kwenye mlango wa kizazi, kisha husubiri dakika moja. Sehemu iliyoanza kubadilika hugeuka nyeupe, na mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo kwa kugandishwa au kwa joto, kabla haijawa saratani. Wanaohimizwa kupimwa ni wanawake wa miaka 30 hadi 50. Wanaoishi na VVU huanza mapema zaidi.

Basi kwa nini dada zetu hawaendi? Wengi huogopa lisemwalo nyumbani. Ugonjwa huu husababishwa na kirusi cha HPV, ambacho huambukizwa kwa kujamiiana. Mume akisikia hivyo, huenda akauliza: umekitoa wapi? Swali hilo limejengwa juu ya dhana. Kirusi hiki huwapata karibu watu wote katika maisha yao ya ndoa, wanaume kwa wanawake, na miili mingi hukiondoa yenyewe. Kinaweza kujificha kwa miaka mingi bila dalili, na huenda mume mwenyewe ndiye aliyekileta kutoka ndoa iliyotangulia bila kujua. Kwa hiyo majibu ya kipimo si ushahidi wa zina. Dini yetu imetaka mashahidi wanne kwa tuhuma hiyo, na imeweka adhabu kali kwa anayemsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi.

Kizuizi cha pili ni stara, nayo ni haki ya kila mwanamke. Mafakihi wameruhusu aurat ifunuliwe kwa ajili ya tiba, kwa kiasi cha haja tu, na daktari au muuguzi wa kike akipatikana ndiye anayetangulizwa. Hivyo hakuna ubaya kuuliza mapema siku ya zamu ya muuguzi mwanamke, wala kumwomba pazia na faragha.

Mabinti nao wana kinga yao. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 dozi moja hutolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Uamuzi wa dozi moja una mizizi hapa kwetu Afrika Mashariki. Huko Mwanza, utafiti ulioanza mwaka 2017 uliwafuatilia wasichana 930, na karibu wote waliopata dozi moja walijenga kinga. Nchini Kenya, wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 walishiriki utafiti mwingine, ambapo dozi moja ilizuia asilimia 97.5 ya maambukizi ya aina mbili hatari zaidi za kirusi hicho katika miezi 18. Chanjo hii haifungi uzazi, wala haimruhusu binti jambo aliloharamishiwa. Humlinda hata katika ndoa yake ya halali.

Enyi waume, mahari ya mke hulipwa mara moja, ila wema kwake hauna ukomo. Nauli ya kwenda zahanati, siku moja bila kazi ya shamba, na ulimi uliozuiwa na dhana mbaya vinaweza kumbakishia wanao mama yao, kwa idhini ya Allah.