Robo Kilo na Fungu la Sukuma

Ukishapita Kiganjo kuelekea Naro Moru, mji mdogo wa Chaka hujitambulisha kwa moshi wa makaa. Nyama ya mbuzi na kondoo inaning'inia nyuma ya kioo cha bucha. Mteja anaonyesha kwa kidole, paja au mbavu, muuzaji anakata na kupima, na baadaye kipande kile kile kinarudi kimechomwa, kinakatwakatwa juu ya ubao, chumvi imerundikwa pembeni. Mama mboga naye amepanga mafungu ya sukuma wiki, managu na terere juu ya gunia. Nyama huagizwa kwa kilo na kungojewa kwa subira. Mboga huulizwa mwishoni, kama ipo. Mazoea haya yanabeba hukumu kwamba nyama ndiyo chakula na majani ni ya kuisindikiza. Wapo pia wanaoigeuza hukumu hiyo juu chini, wakidai kwamba majani yana protini kuliko nyama na kwamba nyama ni ugonjwa mtupu. Naona pande zote mbili zinapima vibaya, na anayeumia kwa kipimo hicho kibovu ni mtoto.

Tuanze na uzito, kwa kuwa Chaka kila kitu hupitia kwenye mizani. Gramu 100 za mnofu wa mbuzi uliochomwa zina protini kama gramu 27, madini ya chuma karibu miligramu 4, zinki kama miligramu 5, na kalori 143 hivi. Gramu 100 za sukuma mbichi zina protini gramu 3 tu na kalori 32. Hapo nyama imeshinda waziwazi. Lakini majani hayo hayo yana kalsiamu zaidi ya miligramu 200, ilhali mnofu hauna hata 20. Yana nyuzinyuzi gramu 4, na nyama haina kabisa. Yana vitamini C, foleti na asili ya vitamini A, vitu ambavyo mnofu unavyo kwa uchache mno au hauna. Nyama nayo ina vitamini B12, inayohitajika kwa damu na mishipa ya fahamu, ambayo hakuna jani la shambani linaloitoa.

Wanaosema mboga ina protini kuliko nyama hawahesabu kwa gramu, huhesabu kwa kalori, na hesabu yao si ya uongo mtupu. Ukichukua nyama ya ng'ombe yenye mafuta mengi, kila kalori 100 zinakuja na protini gramu 10 hivi. Sukuma wiki kwa kalori hizo hizo inatoa 9. Zinakaribiana kweli. Lakini mafuta ndiyo yaliyoipunguzia nyama hiyo alama, kwa maana mnofu wa mbuzi kwa kalori 100 unatoa 19. Isitoshe, hakuna tumbo linalokula kalori peke yake. Kupata protini ya gramu 100 za mbuzi aliyechomwa, mtu angehitaji gramu 900 za sukuma mbichi, sufuria iliyofurika mpaka kifuniko kikatae. Mtu mzima hawezi, sembuse mtoto wa miaka mitatu ambaye tumbo lake halina nafasi. Anayetaka mshindani wa haki wa nyama shambani asitafute kwenye majani, atafute kwenye maharagwe. Maharagwe na mahindi ndani ya githeri hujaziana protini, kwani kilichopungua kwa mahindi kimo katika maharagwe.

Mizani, hata hivyo, haionyeshi kinachobaki mwilini. Chuma iliyomo kwenye damu na misuli ya mnyama hufyonzwa kwa asilimia 15 hadi 35. Ile ya mimea hufyonzwa kwa asilimia 2 hadi 20, kutegemea kilichomo kwenye sahani. Neno zito ni hilo la mwisho. Nyama kidogo ikipikwa pamoja na maharagwe au majani huufanya mwili uchukue chuma zaidi kutoka kwa mimea yenyewe, na vitamini C hufanya vivyo hivyo. Kachumbari ya nyanya na vitunguu inayoletwa na ubao wa nyama, ambayo wengi huiona kama pambo, inafanya kazi hiyo kimya kimya. Kwa hiyo kuuliza kipi bora, nyama au mboga, ni kama kuuliza jembe na mbegu kipi kinaleta mavuno.

Swali hili lina historia ndefu hapa kwetu. Mwaka 1931 John Boyd Orr, aliyekuja kuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na mshindi wa Nobeli ya Amani ya 1949, alichapisha pamoja na daktari J. L. Gilks wa serikali ya kikoloni ya Kenya utafiti uliowalinganisha Wamaasai, waliotegemea maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, waliotegemea nafaka, viazi na kunde. Mwanamume wa Kimaasai alimzidi wa Kikuyu kimo kwa kama sentimita 13 na uzito kwa kilo 10 hivi. Wengi wameusoma kama ushindi wa nyama. Lakini maradhi hayakuwa ya upande mmoja: Wakikuyu walionekana na upungufu wa damu na meno mabovu zaidi, Wamaasai na tumbo kufunga na maumivu ya viungo. Tena Wakikuyu wa miaka hiyo walikuwa watu waliopokonywa ardhi na kusukumwa kwenye kazi za mashamba ya walowezi. Mwanahistoria Cynthia Brantley aliupitia upya utafiti huo mwaka 1997 na kuonyesha jinsi hali hiyo ilivyopuuzwa. Walichopima kama chakula cha kabila kilikuwa pia chakula cha watu walionyang'anywa.

Ushahidi mzuri zaidi ulitoka upande wa pili wa Mlima Kenya. Kuanzia 1998, watafiti wakiongozwa na Charlotte Neumann wa chuo kikuu cha UCLA na Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliwafuatilia wanafunzi wa shule 12 za msingi huko Kyeni, Embu. Baadhi walipewa githeri iliyotiwa nyama ya kusaga, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta ya kupikia ili kalori zilingane, na kundi la nne halikupewa kitu shuleni. Nyama ilianza na gramu 60 hivi kwa siku. Waliokula nyama waliwapita wenzao wote katika mtihani wa kutambua mpangilio wa michoro, misuli yao ikajaa zaidi, na uwanjani walionekana wachangamfu zaidi. Kiwango cha B12 kilipanda kwa waliopata nyama na waliopata maziwa. Si kila kitu kilibadilika, maana damu haikuonyesha ongezeko la wazi la chuma. Lakini kumbuka nyama hiyo ilikuwa wapi: ndani ya githeri, si mahali pa githeri.

Mzazi atasema nyama ni ghali, na ni kweli. Ila robo kilo ikigawiwa watoto wanne ni gramu 62 kila mmoja, kiasi kile kile cha Embu. Kinachofanya nyama iwe ghali zaidi ni desturi ya kuiweka yote mbele ya watu wazima siku moja, kilo nzima, kisha mwezi upite watoto wakila mahindi matupu. Ambaye hata robo haimudu ana yai na maziwa, vyenye B12 vyote viwili. Wengine watataja saratani, na hofu yao ina msingi: mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka nyama nyekundu katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, na mafuta yanayodondokea makaa huleta moshi wenye kemikali zisizofaa. Wataalamu hushauri mtu mzima asizidi gramu 500 za nyama nyekundu iliyopikwa kwa wiki. Mlaji wa Chaka anaweza kuzimaliza kwa kikao kimoja. Mtoto wa gramu 62, hata akizila kila siku, hafikii kiasi hicho. Ile sehemu iliyoungua ikawa nyeusi ikatwe itupwe.

Na kuna chai. Katika kaunti inayolima chai, kikombe hufuata chakula papo hapo, mara nyingi hata kabla sahani haijaondolewa, naye mtoto humiminiwa chake. Chai ikinywewa pamoja na mlo inaweza kupunguza kwa zaidi ya nusu chuma ambayo mwili ungepata kutoka kwa managu na maharagwe, na maziwa yaliyomo hayasaidii sana. Ikingoja saa moja, madhara hayo hupungua. Birika linaweza kukaa jikoni saa hiyo moja, na mtoto akapewa maji.