Upupu na thabai: muwasho mmoja, njia mbili

Kiangazi kikikolea katika vijiji vya Chinongwe, wilayani Ruangwa, maganda ya upupu hukauka juu ya vichaka na pembezoni mwa mashamba ya korosho. Panga likiugusa tu, au upepo ukiupitia, vinyweleo vya rangi ya dhahabu humwagikia shingo na mikono ya anayefyeka. Kinachofuata, mtu wa Lindi hahitaji kuelezwa.

Wengi huuweka upupu fungu moja na mimea mingine inayowasha, hasa ya familia ya Urticaceae, ambayo kwa majirani zetu wa Kenya ya kati mashuhuri wake ni thabai. Kibotania hawa si ndugu. Upupu, Mucuna pruriens, ni wa ukoo wa kunde na mbaazi. Thabai, Urtica massaica, ni mmea wa baridi: utaukuta kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Meru na milima ya Virunga. Familia yake ina spishi zaidi ya 2,000, na nyingi hazichomi hata kidogo. Ugomvi huu wa ukoo ungeweza kuachiwa wataalamu wa mimea, kama si jambo moja: mimea hii miwili huwasha kwa njia tofauti, na dawa inayotuliza muwasho wa mmoja yaweza isifue dafu kwa mwingine.

Kinyweleo cha thabai ni kama bomba la sindano. Ni mrija mwembamba wenye ncha ya silika, kitu kilekile kinachotengenezewa kioo. Ukiugusa, ncha hukatika kimshazari, hupenya ngozini, na maji yaliyomo hujisukuma ndani. Ni maji gani? Miaka ileile Waingereza walipokuwa wakihangaika na mradi wao wa karanga Kongwa na Nachingwea, Nils Emmelin na Wilhelm Feldberg walikuwa wakikamua vinyweleo vya Urtica urens, thabai mdogo wa Ulaya. Mwaka 1947 walitangaza kwamba wamekuta histamini na asetilikolini. Mwaka 1956 watafiti wengine, Collier na Chesher, wakaongeza serotonini. Histamini ni kemikali ambayo hata mwili wetu huimwaga wakati wa mzio, ndiyo maana aliyechomwa hutoka mabaka yaliyovimba.

Hata hivyo histamini haielezi kila kitu, kwa sababu ganzi na mchomo hubaki saa nyingi baada ya uvimbe kutulia. Jibu la kushangaza lilitoka Australia mwaka 2020. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland walichunguza miti ya Dendrocnide, ya familia hiihii ya thabai, ambayo maumivu yake huweza kudumu siku au wiki. Walikuta protini ndogo zenye umbo linalofanana na la sumu ya buibui na ya konokono wa baharini. Protini hizo hushika milango ya sodiamu kwenye mishipa ya fahamu na kuizuia isifunge vizuri, hivyo mshipa huendelea kupiga kelele ya maumivu. Mti na buibui, kila mmoja kwa njia yake, wamefikia silaha moja.

Upupu hauna habari na hayo yote. Kinyweleo chake hakisukumi maji. Hujichoma ngozini kama mwiba na kuachia kimeng'enya kinachokata protini. Walter Shelley na Robert Arthur walikitambua mwaka 1955 na kukiita mukunaini. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba kimeng'enya hicho huamsha vipokezi viitwavyo PAR2 na PAR4. Mwaka mmoja kabla, watu waliojitolea walipakwa ngozini dawa inayozuia histamini, kisha wakajaribiwa. Muwasho wa histamini ulizimika, wa upupu ukabaki palepale.

Kwa hiyo mkulima anayemeza klorofenamini, ile wengi wanayoiita Piriton, asishangae ikimletea usingizi tu huku anaendelea kujikuna. Dawa hiyo ina kazi yake pale mwili unapoitikia kwa mzio. Muhimu zaidi ni kuondoa vinyweleo vyenyewe. Usisugue kwa kiganja, maana utavisambaza na kuvizamisha. Bandika selotepu au plasta ya kunata na kuibandua mara kadhaa, ndipo uoshe kwa maji mengi na sabuni. Nguo zichemshwe, kwa sababu joto huua kimeng'enya. Maabara zinapotaka vinyweleo visivyowasha kwa ajili ya ulinganisho, huvipitisha kwenye mvuke mkali. Ngozi yako lakini usiichome kwa maji ya moto! Vikiingia machoni, suuza kwa maji safi na uende zahanati. Anayebanwa kifua asingoje.

Joto hushinda vinyweleo vya thabai pia, ndiyo sababu Wagikuyu huchemsha majani machanga na kuyaponda pamoja na viazi. Gorila wa milimani hawana sufuria. Richard na Jennifer Byrne, waliowachunguza Karisoke nchini Rwanda, walieleza mwaka 1993 jinsi wanavyokwangua majani ya Laportea alatipes, ndugu wa thabai, kutoka chini kwenda juu na kuyakunja kwa ustadi ili sehemu kali isiguse midomo.

Mbegu za upupu nazo zina habari yake. Zina levodopa, kiini cha dawa kuu ya ugonjwa wa Parkinson. Katika wilaya ya Hai, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 ulipata wagonjwa 33 kati ya watu 161,071, na dawa za dukani ni ghali kwa wengi wao. Mwaka 2017 Roberto Cilia na wenzake waliripoti kwamba unga wa mbegu zilizokaangwa ulisaidia wagonjwa 18 wa Bolivia kwa kiwango kisicho mbali na vidonge. Kabla hujakimbilia porini na gunia: walipoujaribu kwa wiki 16 kwa wagonjwa 14, saba waliacha, wanne kwa matatizo ya tumbo, watatu kwa sababu mwendo wao ulizidi kuharibika.