Yuko Wapi, na Upepo Ukoje?

Usiku mmoja wa likizo ya Aprili, mjomba wangu, ambaye ni mvuvi katika Ziwa Victoria, hakurudi nyumbani. Upepo ulivuma kwa hasira. Simu yake haikupatikana. Nyanya alikesha mlangoni akiuliza maswali mawili tu: "Yuko wapi? Na upepo huko ukoje?" Hakuna aliyeweza kumjibu. Kulipokucha mjomba alitokea, amelowa chepechepe. Mashua ilikuwa imesukumwa hadi ufuo mwingine. Tulimshukuru Mungu, lakini maswali ya nyanya hayakunitoka akilini.

Shule zilipofunguliwa, nilimwuliza mwalimu wetu wa Fizikia. Akatabasamu. "Kuna watu wanaoyajibu hayo maswali kwa redio," akasema.

Watu hao ni wa redio ya ridhaa. Wana leseni, nao huwasiliana hewani kwa kupenda tu, si kwa mshahara wala biashara. Mmoja wao, Mmarekani Bob Bruninga, aliandika programu mwaka wa 1982 ya kuonyesha meli za jeshi la wanamaji kwenye ramani ya kompyuta. Mwaka wa 1984 alitumia kompyuta ndogo kufuatilia farasi katika mbio za maili 100. Kutokana na kazi hiyo ukazaliwa mfumo uitwao APRS. Bruninga alifariki mwaka wa 2022, lakini mfumo wake ungali unatumika.

Je, hufanyaje kazi? Kwanza, kifaa cha GPS hupokea mawimbi ya setilaiti na kujua mahali kilipo. Pili, modemu hugeuza habari hizo kuwa mlio. Tatu, redio huurusha mlio huo hewani. Ukiusikia utadhani ni chura aliyekabwa koo! Kumbe ndani yake mna jina la kituo, latitudo na longitudo. Kituo cha hali ya hewa huongeza upande unakotoka upepo, kasi yake, joto, mvua, unyevu na shinikizo la hewa. Yote hayo huchukua takriban sekunde moja.

Wahusika wote wa eneo moja hutumia masafa mamoja. Amerika Kaskazini ni megahezi 144.390, Ulaya ni 144.800. Kwa kuwa mawimbi haya huzuiwa na vilima, vituo vya juu milimani huupokea ujumbe na kuurusha tena. Hata Kituo cha Kimataifa cha Anga kimewahi kufanya kazi hiyo.

"Sasa mwalimu, ukituma mahali ulipo, nani hukujibu?" nikauliza.

"Si lazima ujibiwe. Wewe sema, anayehitaji atasikia."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mfumo huu haungoji nyanya aulize. Hutangaza mapema, tena kwa wote. Lakini una kasoro zake. Vituo viwili vikituma kwa wakati mmoja, ujumbe waweza kupotea, ndiyo maana hurudiwa kila baada ya dakika kadhaa. Hauna siri. Tena hauokoi mtu. Mwokozi ni yule anayesikiliza akachukua hatua.

Huku kwetu hairuhusiwi kurusha bila leseni, na majina ya vituo vya ridhaa vya Kenya kwa kawaida huanza na 5Z4. Mjomba hawezi kuutumia kwa biashara yake ya samaki. Hata hivyo, shule iliyo karibu na ziwa, ikiwa na mwalimu mwenye leseni, yaweza kuweka kituo kidogo cha kupima upepo. Habari ikifika ufuoni kabla ya mashua kung'oa nanga, huenda mtu akaamua kulala nyumbani.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Nyanya yangu anasubiri jibu. Wanachama wenzangu, tuanzie wapi?