Maziwa ya kuganda hayafuti pombe

Katika karyeri za Mongbwalu na hata hapa Bunia mjini kuna dawa ambayo vijana wanapeana wao kwa wao: "Umelewa jana? Kunywa tu maziwa ya kuganda, sumu yote itatoka." Katika nchi za ng'ambo bakteria kama hao wanauzwa ndani ya vidonge, jina lao probiotiki, na huko pia kuna watu wanaovimeza baada ya kunywa.

Maziwa ya kuganda ni chakula kizuri, hatubishi. Lakini pombe haikai tumboni ikiyangojea. Inaingia upesi katika damu, na maini ndiyo yanaitoa, polepole, gramu 7 hadi 10 hivi kwa saa. Tuhesabu pamoja. Chupa kubwa ya bia, santilita 72 ya asilimia 5, ina gramu 28 hivi za pombe. Chupa 4 ni gramu 112. Kijana aliyeanza kunywa saa mbili ya usiku akamaliza hizo 4, anaposhuka shimoni saa kumi na mbili ya asubuhi, pombe ingali ndani ya damu yake, hata akimaliza bakuli nzima ya maziwa. Yeye anasema, "Niko muzima." Kumbe mkono ni mzito, na jicho linachelewa kuona udongo unaopasuka juu ya kichwa. Kahawa na maji baridi navyo haviharakishi maini. Na hiyo ni bia tu. Kaikpo, nani anapima nguvu yake?

Ni kweli kwamba pombe inaumiza utumbo, na sumu za mikrobi zinapenya kutoka humo hadi kwenye maini. Ndiyo maana waganga wamejaribu probiotiki. Mwaka 2008 yalitolewa matokeo ya jaribio moja la Urusi, kwa wanaume 66 wenye ulevi. Waliopewa bakteria kwa siku 5 walionekana na maini yenye nafuu kidogo kuliko wenzao. Lakini angalieni: wote walikuwa hospitali, na wote walikuwa wameacha kunywa! Hilo, wale wanaosifu maziwa hawalisemi.

Tena pombe haiharibu maini peke yake. Inaleta kansa ya koo na ya matiti pia, na mwaka 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) lilitangaza kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na hatari kwa afya.

Ninyi mama mnaogandisha maziwa nyumbani, yachemsheni kwanza, yapoe, ndipo mtie kidogo ya yale yaliyoganda. Maziwa mabichi yanaweza kuleta brusela na kifua kikuu, na kuganda peke yake hakuondoi hatari hiyo.

Asubuhi ya kichwa kuuma, mayi safi na uji vinafaa. Paracetamol nyingi juu ya pombe inaweza kuchoma maini.

Mtu aliyelewa sana asiyeamka mlazeni kwa ubavu, asije akasongwa na matapishi, na apelekwe lopitali. Vilevile anayetapika damu, au mwenye macho ya manjano. Na aliyekunywa kaikpo akaona ukungu mbele ya macho, hata kama ni siku ya pili, apelekwe saa ileile: huenda ndani yake mlikuwa na metanoli, na hiyo inapofusha.