Dürnstein, Mji wa Divai na Kuta za Mawe

Wengi wenu mnafanya kazi katika mashamba ya chai, miwa na kahawa, au katika viwanda vinavyotegemea mazao hayo. Kwa hiyo tulipopata nafasi ya kukaa siku nzima katika mji mdogo wa Austria ambao tangu zamani umeishi kwa zabibu, tuliona ni vyema tuwaletee habari zake. Mji huo unaitwa Dürnstein. Uko ukingoni mwa mto Danube, katika bonde la Wachau, magharibi ya mji mkuu Vienna. Wakazi wake hawafiki elfu moja.

Tulitoka Vienna asubuhi kwa gari moshi mpaka Krems, mwendo wa saa moja na kidogo, kisha tukapanda basi linalofuata mto. Ilikuwa mwezi wa Oktoba, wakati wa mavuno. Barabara kubwa haipiti katikati ya mji. Imechimbwa ndani ya mwamba, chini ya nyumba, na hivyo juu mtu anatembea kwa raha. Njia ya katikati imetandikwa mawe, na kwa dakika kumi umekwisha uvuka mji wote. Tuliona lango la kale, maduka ya jamu na pombe ya aprikoti, na mnara wa kanisa uliopakwa rangi ya buluu na nyeupe. Kanisa hilo lilikuwa la nyumba ya watawa iliyoanzishwa mwaka 1410, ikafungwa na Kaisari Joseph wa Pili mwaka 1788. Wageni wengi hupiga picha mnara ule, wanakula, na kuondoka.

Sisi tulipanda mlimani kutazama magofu ya ngome. Humo ndimo alimofungwa Mfalme Richard wa Uingereza, yule aliyeitwa Moyo wa Simba. Alikamatwa karibu na Vienna mwezi wa Desemba 1192, akirudi kutoka vita vya msalaba, na aliyemkamata ni mtawala wa Austria, Leopold wa Tano, ambaye walikuwa wamegombana vitani. Baadaye alikabidhiwa kwa Kaisari wa Ujerumani, na akaachiliwa mwezi wa Februari 1194.

Kila mgeni husimuliwa habari za mwimbaji aliyemtafuta mfalme wake kwa kuimba chini ya kila ngome. Hiyo ni hadithi tu. Jambo ambalo si hadithi ni malipo yaliyotolewa ili aachiliwe. Yalidaiwa mapande 150,000 ya fedha, na 100,000 yakalipwa kwanza, yaani zaidi ya tani 20 za madini hayo. Je, nani alilipa? Watu wa Uingereza walitozwa robo ya mapato yao na ya mali zao zinazohamishika. Watawa waliofuga kondoo walitoa sufu ya mwaka mzima. Sehemu aliyopata Leopold ilisaidia kuujenga mji wa Wiener Neustadt na kuta za Vienna. Mfanyakazi anayefungua bahasha ya mshahara na kukuta makato asiyoyaelewa hatashangazwa na habari hizi. Ngome yenyewe iliharibiwa na jeshi la Sweden mwaka 1645.

Kutoka juu pale ndipo tulipoona kitu ambacho, kwa maoni yetu, kinashinda ngome. Mlima mzima umekatwa kama ngazi, ngazi juu ya ngazi, na kila ngazi inashikiliwa na ukuta wa mawe. Kuta hizo hazina saruji wala chokaa. Jiwe linakaa juu ya jiwe kwa ustadi wa mkono, na maji ya mvua yanapita katikati bila kuusukuma ukuta. Mchana mawe yanalishwa joto na jua, usiku yanalirudisha kwa mizabibu. Kazi hii ilianza zamani sana, katika mashamba ya nyumba za watawa na mabwana. Majina ya mabwana hao yameandikwa vitabuni. Waliobeba mawe hawakuandikwa.

Na kazi haijaisha. Ukuta ukivimba tumbo baada ya mvua kubwa, lazima ubomolewe na kujengwa upya kwa mkono. Sehemu zenye mteremko mkali, mashine haipiti kabisa. Kupogoa wakati wa baridi, kufunga matawi, kuvuna: yote ni mkono na mgongo.

Tuliposhuka tulikwenda kwenye ushirika wa wakulima, unaoitwa Domäne Wachau. Mashamba mengi hapa yalikuwa mali ya ukoo wa kikabaila wa Starhemberg. Mwaka 1938, mwaka uleule Hitler alipoichukua Austria, wapangaji waliokuwa wakiyalima waliyanunua na kuunda ushirika. Mpaka leo wanachama huleta zabibu zao pahali pamoja, zikakamuliwa na divai ikauzwa kwa jina moja. Mkulima mwenye ngazi tatu za mawe hawezi peke yake kununua mitambo ya namna ile.

Wakulima hawa waliwahi kuumizwa na tamaa ya wengine. Mwaka 1985 iligunduliwa kuwa baadhi ya watengenezaji wa divai wa Austria walitia kemikali ya viwandani, dayethilini glaikoli, ili divai hafifu ionekane nzito na tamu. Nchi za nje zikaacha kununua, na aliyekuwa mwaminifu akakosa soko pamoja na mdanganyifu. Mwaka huohuo serikali ilitunga sheria kali ya divai.

Lakini mavuno siku hizi yanategemea sana vibarua kutoka nje, hasa Ulaya ya Mashariki. Austria haina kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na sheria kwa nchi nzima. Mishahara inapangwa kwa mikataba ya pamoja, na katika kilimo kila jimbo lina wake. Kibarua asiyejua Kijerumani atajuaje haki yake, pamoja na malipo ya ziada ya likizo na ya Krismasi? Mwaka 2013 vibarua wa shamba moja la mboga katika jimbo la Tirol waligoma. Kutokana na mgomo ule, chama cha PRO-GE na wenzake walianzisha kampeni iitwayo Sezonieri. Wanakwenda mpaka mashambani wakiwa na maelezo katika lugha nyingi, na wanawahimiza vibarua kuandika wenyewe saa zao za kazi.

Jioni, tukielekea kituo cha basi, tulikutana na wavunaji wakiteremka na ndoo. Mama mmoja kutoka Romania, aliyejua Kiingereza kidogo, alitueleza kuwa msimu uliopita, katika shamba jingine mbali na hapo, alilipwa pungufu na hakuwa na ushahidi wowote. Sasa ana daftari dogo mfukoni. Alikaa juu ya ukuta, akalifungua, akaandika tarehe, kuanza saa moja asubuhi, kumaliza saa kumi na moja jioni, mapumziko saa moja. Kisha akamwita mwenzake mdogo, akamwonyesha namna ya kuandika na yeye.